Damu Isiyoshikana

Kabla ya kumchukia yule mama nilimpenda sana, na nataka hilo lijulikane mapema, mtu asije akasema nilizaliwa na roho mbaya. Roho mbaya niliipata ukubwani, Januari ile ya vurugu za uchaguzi, na nilipoipata niliilea vizuri.

Tulikuwa tunakaa Kawangware, kwenye ploti ya vyumba kumi na viwili vya mabati, vyoo viwili na mfereji mmoja. Mimi kwetu ni Kitui. Mume wangu ni mtu wa ziwani, fundi wa kuchomelea vyuma, na tulikuwa na mtoto mmoja wa kike aliyekuwa anakaribia miaka sita. Nilifanya kazi ya maabara katika kliniki ndogo kule Lindi, Kibera. Maabara yenyewe ilikuwa dirisha, meza, hadubini moja na mimi, kutwa nikichoma watu vidole kutafuta malaria. Pale ploti waliniita daktari. Sikuwasahihisha.

Yule mama alikaa chumba cha kwanza, karibu na geti, na hapo getini ndipo alipouzia mboga. Alikuwa mjane mwenye wajukuu watano, umri wa mama yangu. Mwanangu alimwita shosh, yaani bibi, kama walivyomwita watoto wote wa ploti. Mimi nilimwita mathe. Alikuwa na ufundi wa aina mbili ambao hakuna aliyemfikia. Wa kwanza ni kukata sukuma wiki. Alikunja majani yakawa furushi moja gumu mkononi, akapitisha kisu mbele ya vidole vyake bila kutazama, huku anamsengenya mtu, na mboga zikaanguka nyembamba kama nyuzi. Mara kwa mara alijikata, akalamba kidole, akaendelea na umbea.

Wa pili ni kung'oa meno ya watoto. Jino likilegea, mtoto alipelekwa kwa shosh. Alilifunga uzi, akamwuliza mtoto swali la kipuzi, na kabla mtoto hajajibu jino lilikuwa nje. Kisha mtoto alilirusha juu ya paa, likagongagonga mabati likishuka upande wa pili, na wenzake wakashangilia. Jino lisipovuka paa, jipya litaota limepinda; ndivyo walivyoamini pale, na hata sisi watu wazima hatukubisha.

Mwanangu peke yake ndiye aliyekatazwa kumpelekea shosh jino, maana damu yake haikushikana.

Nitalieleza jambo hili kama nilivyomweleza mathe, kwa sababu alilielewa upesi kuliko mume wangu. Ndani ya damu kuna chembe ndogo sana zinazoitwa chembe sahani. Ukijikata, chembe hizo hukimbilia penye tundu zikashikana, hii na ile, mpaka tundu likazibwa. Kinachozishikanisha ni protini iliyo juu ya ngozi ya kila chembe; wataalamu huiita integrini. Mimi huiita mkono. Mkono huo haushiki tu, hupasha habari pia: ukishashika, chembe nzima inajua imeshika, inawaita wenzake waje. Mwanangu alizaliwa na chembe sahani za kutosha. Nilizitazama mwenyewe kwa hadubini yangu, nzuri, nyingi, za kupendeza. Zilikosa mikono tu. Zilifika kwenye kidonda, zikapita.

"Kumbe watu wapo," mathe alisema, "ni vile hakuna mwenye anashika mwenzake."

Kasoro hiyo aliirithi kwetu sote wawili, nusu kwangu, nusu kwa baba yake, na kila mmoja wetu alikuwa mzima bila kujua amebeba nini. Pua ya mtoto ikianza kutoka damu iliweza kutoka toka asubuhi hadi jioni. Hapo tulimkimbiza hospitali kubwa akaongezewa chembe sahani za mtu mwingine, zenye mikono. Chembe hizo hazikai zaidi ya siku tano hata zikitunzwa vipi, kwa hiyo daktari alitaka tuwe na watu wetu wa kuitwa. Tulipima watu wa ploti. Mathe akapatikana ana damu inayofaa, na hakuuliza maswali mawili. Alitoa mara tatu. Kila mara alirudi na pamba mkononi na soda aliyopewa kule, soda akampa mtoto, na kila mara damu ya mtoto ilikauka kabla jua halijatua.

"Mimi niko na damu ya shosh," mwanangu aliwatambia wenzake.

"Ndio maana uko na mdomo hivyo," mathe alimjibu, na ploti nzima ikacheka.

Nilikuwa na kipimo changu cha kizamani ambacho mahospitali makubwa yalikuwa yameanza kukiacha. Unamchoma mtu sikio kidogo, kisha kila nusu dakika unagusisha damu kwenye karatasi ya kuchuja. Doa la kwanza kubwa, la pili dogo, la tatu dogo zaidi, hadi karatasi inatoka nyeupe. Mtu mzima wa afya hupata madoa matano, sita. Kwa mwanangu madoa hayakupungua. Siku ya kwanza nilipompima nilijaza karatasi safu kwa safu, doa la mwisho kubwa sawa na la kwanza, nikaiweka chini nikalia.

Basi ndiyo hali tuliyoingia nayo kwenye uchaguzi. Krismasi ile jino la mbele la chini la mwanangu lilianza kucheza. Nilimwambia daktari, akasema tumlete hospitali mapema Januari, ling'olewe kwa utaratibu, mathe akiwa kando tayari kutoa. Mathe alikubali. Tulipanga jino hilo kama watu wanavyopanga harusi.

Matokeo yakatangazwa, na jiji likawaka, jirani akimwinda jirani kwa kabila lake.

Siku waliyokuja kwetu ilikuwa mchana kweupe, saa tano. Mume wangu alikuwa ameenda kwa ndugu yake Lindi na barabara zikafungwa nyuma yake. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwangu, chumba cha mwisho, mtoto nyuma yangu ameshika leso niliyojifunga. Niliona vijana kama kumi getini wenye rungu na mapanga. Mmoja alimwuliza mathe, "Wale wa ziwani wanakaa mlango gani hapa?"

Mathe aliinua kidevu akakielekeza kwetu. Kidevu tu, kama unavyomwonyesha mteja nyanya zilipo. Kisha akainama akaendelea kupanga vitunguu vyake.

Sitasimulia yote waliyofanya. Hawakutuua. Walitupa nje, wakachukua walichotaka, na katika kusukumwa mwanangu aliangukia ngazi ya saruji. Aliposimama mdomo ulikuwa mwekundu na jino halipo. Nilimbeba. Nilipofika getini nikamwambia mathe, "Jino limetoka." Yeye alijua maana ya maneno hayo. Katika ploti ile hakuna mwingine aliyeyajua. Alimtazama mtoto mdomoni, kisha akatazama vijana nyuma yangu.

"Enda," akasema. "Enda, enda."

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa nimeusikia msemo huo tangu utotoni nikidhani unahusu chawa.

Nilipita njia za nyuma hadi Lindi, mtoto mgongoni, damu yake ikishuka shingoni mwangu ikiwa ya moto. Kwa shemeji tulikaa siku nne bila njia ya kutoka. Nilifunga majani ya chai kwenye kitambaa safi, nikayalowesha, nikayabana kwenye fizi kwa kidole. Nikichoka, baba yake akabana. Mtoto alimeza damu, akaitapika nyeusi. Nilimpigia mathe simu mara saba. Iliita. Najua iliita, na najua simu yake aliiweka wapi: ndani ya blauzi, upande wa kushoto, ambako hawezi kukosa kuisikia.

Na pale Lindi napo sikukosa la kwangu. Wakubwa wa kwetu Ukambani walipoingia katika serikali ya waliotangazwa washindi, mama mmoja kwenye foleni ya maji alisema kwa sauti, "Hawa wa Kitui ndio walituuza," akausogeza mtungi wangu nyuma kwa mguu. Nilifukuzwa Kawangware kwa ajili ya mume wangu, na Kibera nikafanyiwa kisirani kwa ajili ya baba yangu. Lakini yule wa maji nilimsahau wiki ileile. Hakunijua. Aliyenijua ni yule wa kidevu.

Siku ya nne gari la wagonjwa la kanisa moja lilitufikisha hospitali. Mtoto alikuwa mweupe viganjani. Mtu wetu wa kutoa hakuwepo, kwa hiyo aliongezewa chembe za watu baki, mchanganyiko wa watu wengi, siku baada ya siku, mpaka damu ikakubali kusimama. Alipona. Februari daktari akaniita pembeni.

"Mwili wake umeshtuka," akasema. "Ile protini hajawahi kuwa nayo, sasa ameletewa ya watu wengi kwa mpigo, na chembe zao na mambo yao mengine. Mwili umeziona ni adui. Umeanza kutengeneza silaha. Siku nyingine tukimwongezea, huenda azipige zote."

"Za nani ndizo zilileta hivyo?"

"Huwezi kujua ni za nani."

Nililishika jibu hilo vizuri. Nilikuja kuligeuza kichwa chini.

Miezi ile nilimchukia mathe kwa bidii ambayo sijawahi kuitia katika kazi yoyote. Nikifua nguo nilimfua yeye. Nikiponda kitunguu saumu nilimponda yeye. Watu waliniambia nimwachie Mungu, nami niliwajibu kwamba Mungu alikuwa na kesi nyingi mwaka ule, hii ningemsaidia. Sikutaka afe. Kufa ni rahisi. Nilitaka aamke kila siku akiwa na kitu ndani yake kisichotoka, kama mimi nilivyokuwa nakiona kile kidevu kila nikifumba macho.

Wakubwa wakapeana mikono, barabara zikafunguka, nikarudi kwenye dirisha langu pale kliniki. Na Machi, siku ya Jumanne, akaja mwenyewe.

Alikuja kwa miguu kutoka Kawangware hadi Lindi, mguu wake mmoja ukiwa na uvimbe, akabeba kiondo chenye spinachi na kabichi. Alikaa kwenye benchi na wagonjwa wengine akasubiri zamu yake. Alipofika dirishani hakuomba msamaha.

"Daktari," akasema. "Mtoto anaendelea aje?"

"Anaishi."

"Ile siku ilikuwa siku mbaya." Akaweka kiondo chini. "Nimekuja kutoa ile damu. Hata leo."

Nilimtazama mkono. Alikuwa amekunja mkono wa sweta tayari, tangu kwenye benchi. Nikasema, "Lazima nikupime kwanza." Haikuwa lazima. Nilimchoma sikio, nikachukua karatasi ya kuchuja, nikatazama saa. Doa la kwanza. La pili. La tatu dogo. La nne kama jicho la sindano. La tano sikuliona. Dakika mbili na nusu, damu imekauka kabisa. Katika miaka yangu yote ya kazi sijaona damu inayoshikana vizuri hivyo, na nikamwonea wivu. Damu kama hiyo, na iko kwenye shingo inayobeba kidevu kile.

Hapo ndipo nilipochukua fomu. Niliandika kwa herufi kubwa, kwa sababu herufi ndogo zilimpa shida: DAMU HII ILIMDHURU MTOTO. ISIPEWE MTU. Nikatia sahihi, nikagonga muhuri wa kliniki. Kisha nikamsomea polepole. Nikamweleza kwamba daktari mkubwa amegundua mwili wa mtoto unapiga chembe za watu wote, na kwamba aliyeanzisha ubaya huo tumempata, ni yeye. Kuna kitu katika damu yake. Kila alipotoa, alikuwa anamtilia mtoto sumu kidogo kidogo.

Alisikiliza bila kupepesa. "Ni mimi nilimfanyia hivyo?"

"Ni wewe."

"Na si ile siku ya kuanguka?"

"Kabla ya siku hiyo. Ni wewe."

Alishusha mkono wa sweta. Akaikunja ile fomu mara nne, akaitia kwenye blauzi, upande wa simu. Kiondo alikiacha. Nilimtazama akichechemea hadi alipopotea nyuma ya kibanda cha mkaa, kisha nikaenda kwa mama wa chakula nikaagiza chapati mbili na maharagwe. Tangu Januari sikuwa nimemaliza sahani. Siku hiyo nilimaliza, nikafuta mchuzi kwa kipande cha mwisho cha chapati. Naandika hili bila kujipendekeza kwa mtu: lilikuwa tamu.

Utamu ulidumu miezi sita.

Septemba mwanangu alikuja kutoka shule akafungua mdomo. "Mum, hili linacheza." Jino la mbele la juu. Alilisukuma kwa ulimi likaenda na kurudi kama mlango usio na komeo. Nilimwambia aache kulisukuma. Mtoto gani huacha? Daktari alinieleza njia iliyobaki. "Tusingoje lianguke lenyewe. Niletee watu wenu, hasa waliowahi kumtolea, nichukue damu yao kidogo niipambanishe na yake hapa maabara. Mwili unaweza kuwa umekataa wengi ukabakiza mmoja. Nani alikuwa anamfaa zaidi?"

Rekodi nilizijua kwa moyo. Mtu mmoja, mara tatu, na mara zote damu ilikauka kabla jua halijatua.

Mume wangu, ndugu yake na majirani watatu wa Lindi walipimwa kwanza. Nilitumaini kwa nguvu zangu zote kwamba mmoja wao atafaa ili nisiende kule. Hakufaa hata mmoja. Jino lilikuwa limeinama.

Nilienda Kawangware asubuhi. Sikuwa nimekanyaga ploti ile tangu nilipotoka nikiwa na mtoto mgongoni. Mathe alikuwa palepale getini, kisu mkononi, rundo la sukuma mbele yake. Lakini alikuwa anakata polepole, majani machache machache, mboga zikianguka vipande vipana vya mtu asiyejua kazi. Nilidhani amepata ugonjwa wa mikono. Nikasogea. Alikuwa amevaa juala kwenye kila kidole cha mkono wa kushoto, vipande vya mifuko ya plastiki vilivyofungwa kwa uzi, vitano.

Mteja mmoja alikuwa anangoja, msichana wa ploti. Alinong'ona bila kuulizwa, "Shosh siku hizi anaogopa kujikata kwa mboga. Anasema damu yake ni mbaya, itaharibu watoto wa wenyewe. Hata meno hatoi."

Nilisimama pale na dhambi yangu imevishwa juala tano. Na niseme kweli, kitu cha kwanza nilichohisi hakikuwa majuto. Nilihisi kuwa nimefaulu. Majuto ni mjukuu, nayo yalikuja nyuma, yakichechemea.

"Mathe."

Aliinua macho. "Daktari. Mtoto amekufa?"

"Hapana. Jino lingine limelegea. Nataka damu yako."

Akaweka kisu chini kama mtu aliyesikia kichekesho kibaya. Akatia mkono kwenye blauzi akatoa ile fomu. Mikunjo yake ilikuwa imeanza kukatika, akaifungua kwa ncha za vidole vya plastiki. "Si uliandika isipewe mtu?"

"Nilidanganya."

"Aah."

"Damu yako haina kitu. Ni nzuri. Ndiyo nzuri kuliko zote nimewahi kupima. Nilikuwa nimekasirika, nikaandika uongo."

Nilingoja anipige, na ningekubali. Lakini alichofanya kilikuwa kibaya zaidi. Alitikisa kichwa kwa huruma.

"Unasema hivyo juu unataka damu," akasema. "Ukiwa na shida unaweza sema kitu yoyote. Ile siku ulinipima kwa sikio, ukaangalia saa, ukaandika, ukagonga muhuri. Leo umekuja na mdomo. Niamini mdomo ama niamini muhuri? Siwezi ua huyo mtoto mara ya pili."

Nilimbembeleza. Niliapa kwa jina la mama yangu. Yeye aliikunja fomu mara nne akairudisha mahali pake. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Sasa ulikuwa umenigeukia mimi, na mwanangu alikuwa nyumbani Lindi anasukuma jino kwa ulimi.

"Leta muhuri," mathe akasema mwishowe. "Nitaona."

Nilirudi hadi Lindi kwa miguu, jua la saa saba kichwani. Pale dirishani nilichukua fomu nyingine. Hii ya pili ndiyo niliyoiogopa. Kuiandika ilikuwa kukiri kwa sahihi yangu kwamba nilitumia muhuri wa kazi kumdanganya mgonjwa, na karatasi kama hiyo ikimfikia mwenye kliniki, dirisha lile si langu tena. Niliandika kwa herufi kubwa: KARATASI YA MACHI NI UONGO WANGU. DAMU YA MAMA HUYU NI SAFI NA NI NZURI. Nikaigonga muhuri mara mbili ili asipate pa kushuku. Ilipofika saa kumi nilikuwa nimerudi Kawangware.

Saa kumi ni saa ya mboga. Akina mama wanane, tisa walikuwa wamemzunguka wakichagua nyanya. Nilimnyooshea karatasi. Hakuipokea.

"Macho yangu ni mabaya," akasema. "Soma."

"Mathe, twende ndani."

"Soma hapa. Hii ya kwanza pia." Akaitoa kwenye blauzi. "Soma zote mbili, hawa wasikie. Hii ya kwanza walishaisikia kwa mdomo yangu."

Nikasoma. Ya kwanza, kisha ya pili. Kwenye neno uongo niliharakisha, mathe akasema, "Rudia hapo," nikarudia. Akina mama wakaacha nyanya. Mmoja, ambaye nilikuja kujua kwamba ndiye aliyekuwa anakaa kile chumba changu cha mwisho, akaniuliza, "Na wewe kwa nini umfanyie mama mzee hivyo?"

"Kwa sababu waliuliza mlango wangu ni gani," nikasema, "na yeye akawaonyesha kwa kidevu."

Wengine walitazama mboga. Niliona nyuso tatu nne zilizokuwepo siku ile, zilizokuwa nyuma ya mapazia, na hazikunitazama.

"Nilionyesha," mathe akasema. Alisema wazi, kwa sauti ileile ya kutaja bei ya kabichi. "Wajukuu wangu watano walikuwa hapo ndani. Nilionyesha. Na simu yako nilisikia ikilia mara saba, nikaogopa kushika. Sijakuja kwako kusema pole juu hiyo pole haitoshi kitu. Nilikuja kutoa damu, ukaniandikia sumu."

Kisha akakaa kwenye kigoda chake akaanza kufungua juala vidoleni. Uzi ulikuwa umekaza. Kidole cha kwanza, cha pili, cha tatu. Ngozi chini yake ilikuwa nyeupe, imekunjamana kwa jasho la miezi sita. Nilitaka kuinama nimsaidie kufungua, sikuinama. Aliyeinama ni yule msichana wa asubuhi.

Kesho yake mathe alikuwa hospitali kabla yangu. Walipambanisha damu yake na ya mwanangu, na daktari akatoka akitikisa kichwa kwa furaha: mwili uliokataa watu wote ulimkubali yeye. Kalale unono, basi, nilijiambia. Ulimsingizia yule mmoja tu ambaye mwanao hakuwa na ugomvi naye. Jino liling'olewa saa sita mchana, chembe za mathe zikiwa zimeshaingia. Nilikaa kando ya kitanda na karatasi yangu ya kuchuja, nikagusisha kwenye fizi kila nusu dakika. Doa kubwa. Doa kubwa. Doa. Doa dogo. Lilichukua muda kuliko kwa watu wengine, lakini safu ilipungua, ikapungua, na karatasi ikatoka nyeupe.

Mathe alikuwa kwenye kiti cha pili na pamba mkononi. Soda yake alikuwa ameshampa mtoto.

"Mimi ile siku," akauliza bila kunitazama, "sikio ilikauka kwa dakika ngapi?"

"Mbili na nusu."

"Na ukaona."

"Niliona."

Nikamwomba anirudishie ile fomu ya Machi. Nilimweleza kwamba ikionekana na mtu wa kazini nimekwisha. Akaigusa mahali ilipo, upande wa kushoto, pamoja na ile ya pili.

"Hapana. Hii nakaa nayo." Sauti yake haikuwa na hasira hata kidogo. "Kila siku ukitaka damu ya kumpa huyu mtoto, nitatoa. Lakini utakuja pale gate mwenyewe, saa ya mboga, usome zote mbili. Ndio nikunje mkono."

Nilimtazama kidevu. Naye alinitazama mkono, huu wa kuandikia. Sikuwa nimemsamehe, na sasa nilijua yeye pia hajanisamehe, wala hakukusudia.

Mwanangu alikuwa ameshika jino lake kwenye kipande cha pamba. Aliuliza kama shosh ataenda naye kulirusha kwenye paa la kule ploti, kwa sababu lile la kwanza halikurushwa. Mathe akamwambia atamwinua mabegani. Kisha mtoto akafungua mdomo wake wenye pengo, akaanza kuyagusa yaliyobaki kwa ulimi, moja moja, akiyajaribu.

Meno ya utoto ni ishirini. Mawili yalikuwa yametoka.